Kilima cha Mavi ya Chuma

9 Machi

Mvua ya kwanza imenikuta nikianua nguo. Wifi yangu aliniita kutoka jikoni nikimbie, nami nikasimama pale pale na shuka begani, nikaloa taratibu kama mtu anayemsikiliza mgeni. Amedhani uzee umenipanda kichwani. Sikumweleza, lakini hapa nitaeleza, maana kueleza ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, kwanza darasani na baadaye katika jumba la makumbusho, na kustaafu hakukunifunga mdomo.

Nyuma ya soko la mji wetu kuna kilima cheusi. Si kirefu, mtoto anakipanda bila kuhema. Kimejaa mawe mazito yenye mng'ao kama wa chupa iliyoungua, na watu hukiita kilima cha mavi ya chuma. Jina hilo ni sahihi kabisa. Mtu anapochoma mawe yenye chuma kwa makaa, chuma hubaki, na uchafu huyeyuka, ukatiririka, ukaganda. Uchafu huo ndio mavi ya chuma. Palipo na mavi pana aliyekula. Kilima kizima cha mavi maana yake ni kwamba hapa walikaa watu, kizazi baada ya kizazi, wakitoa chuma ardhini kwa akili zao wenyewe.

Halmashauri inataka kukisawazisha ijenge stendi mpya ya mabasi. Mtaalamu aliyetumwa kukikagua, ambaye niliwahi kumfundisha, ameandika kwamba mawe hayo ni taka za karakana ya reli ya zamani na hayana umuhimu wowote. Nimepinga. Nimejibiwa kwamba kamati itakuja kuangalia ardhi ikikauka, kabla tingatinga halijaanza kazi, na kwamba hadi hapo nina ruhusa ya kuchimba shimo moja. Tingatinga haliwezi kufanya kazi kwenye matope. Mimi naweza.

Basi nyesha.

11 Machi

Mvua. Nimenoa mwiko wangu wa kuchimbia.

14 Machi

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yake iko mbele ya nyumba, nami tangu nistaafu nakaa chumba cha nyuma, kwa hiyo naamka na kelele za chuma na kulala na harufu yake. Leo mezani ametangaza kwamba yeye ndiye atakayetengeneza mageti na kenchi za paa la stendi mpya. Alisubiri nimpongeze. Nilikuwa na mkate mdomoni, nikautafuna polepole.

"Dada, sema neno."

"Hongera."

"Hongera gani hiyo, kama pole?"

"Kazi ni nzuri. Mahali ndipo pabaya."

Akasukuma kikombe. "Unachimba chini ya kiti nilichokalia, dada. Na kwa ajili ya nini? Mawe. Kila mtu anajua chuma kililetwa na reli. Baba mwenyewe alikuwa nyapara wa njia, ametulea kwa reli, amechanika miguu kwa reli. Hukumbuki viatu vyake? Alikuwa akisema kokoto za kipande chetu hiki zina meno."

"Nakumbuka."

"Sasa unataka kumwambia marehemu kwamba chuma kilikuwepo hata kabla yake?"

"Marehemu hakuulizwa," nikasema. "Wala hakudai kwamba alikileta yeye."

Wifi alianza kukusanya sahani. "Mkimaliza kugombea mawe," akasema, "mniambie nani atakwenda kununua makaa, maana hayo hayaletwi na reli wala na mababu."

Mdogo wangu hakucheka. Ni mtu mwema, lakini wema wake una mlango mmoja tu, na leo alikuwa ameufunga. Nadhani anaona namwonea wivu.

18 Machi

Nimechagua mahali. Upande wa soko mavi yameshikana, sururu inaruka ikirudi usoni. Upande unaotazama njia ya reli iliyokufa ardhi ni laini, sururu inaingia kama kwenye unga. Magoti yangu yamepiga kura, na upande wa reli umeshinda.

Wifi amekuja kunisaidia kubeba udongo kwa karai. Anasema hapendi mawe, ila anapenda kumwona mumewe akinuna. Tulikuwa tumeondoa tabaka la juu tu pale msimamizi wa mkandarasi alipokuja kutuangalia. Watu wanamwita Kofia Mbili, kwa sababu huvaa kofia ngumu ya kazi juu ya kofia ya sufi, liwe jua iwe mvua.

"Shikamoo, mama. Ndiyo wewe unayelinda mavi?"

"Marahaba. Ndiyo mimi."

"Basi tutakuita Bibi Mavi."

"Niite. Nimeitwa majina mabaya zaidi na watu wenye shahada."

Wifi alicheka hadi akaweka karai chini. Kofia Mbili hakujua acheke au anune, akaamua kuangalia mawingu. "Mvua itakwisha," akasema.

"Kila mvua huisha. Tutaona nani atachoka kwanza."

19 Machi

Mgongo unaniuma. Mvua ni nzuri.

25 Machi

Mvua ya jana imeosha mteremko wote, na asubuhi nimeokota chini yake bonge moja la mavi, zito kama mtoto mchanga. Upande mmoja una mifereji myembamba iliyopangana, na kwenye mifereji kuna vifundo. Nililigeuza mara nyingi kabla sijathubutu kulitaja jina. Ni alama za matete.

Nieleze. Wahunzi wa kale walichimba shimo, wakalijaza matete yaliyosimama wima, yamebanana. Juu ya shimo wakajenga tanuri la udongo, wakalijaza makaa na mawe ya chuma, wakapenyeza mirija ya udongo ubavuni, wakavukuta kwa mivukuto hadi moto ukawa mweupe. Mavi yalipoyeyuka yalidondoka juu ya matete. Matete hayakuungua papo hapo; yaliushikilia ule uji wa moto, ukashuka polepole katikati yao na kutulia chini, mbali na chuma. Kisha yakaungua, lakini yalikuwa yameshaacha sura yao ndani ya jiwe. Chuma kikabaki juu, bonge moja, tayari kwa nyundo. Huo si ubahatishaji. Huo ni ufundi wa mtu aliyejaribu, akakosea, akamfundisha mwanawe asikosee pale alipokosea yeye. Na hakuna karakana ya reli iliyowahi kujaza matete kwenye tanuri lake.

Nililipeleka karakanani. Mdogo wangu alikuwa anagonga gamba jeusi lililobaki juu ya mshono wa chuma.

"Hilo unalogonga unaliitaje?"

"Mavi."

"Na hili?"

Akalipokea kwa mikono miwili. Alipitisha kidole gumba kwenye mifereji, akafika kwenye kifundo, akasita. "Jiwe lenye mistari," akasema, akalitua mezani. Lakini nilipotoka hakuniita nilichukue. Jioni nimeliona limekandamiza michoro yake ya mageti.

26 Machi

Nilimtumia mtaalamu picha. Jibu lake: "Shikamoo mwalimu. Bonge ni zuri, ila limeokotwa juu ya ardhi, lingeweza kutoka popote. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba kitu kisichokutwa mahali pake ni uvumi. Tuletee ushahidi wa shimoni."

Nimekasirika kwa sababu ni kweli. Mwongo huyu ananichapa kwa fimbo yangu mwenyewe.

27 Machi

Mvua kutwa. Hatukuchimba.

2 Aprili

Leo siku imekuwa ndefu, nitaiandika yote.

Shimo limefika kimo cha kiuno. Juu palikuwa na udongo, chini yake mavi, chini ya mavi udongo tena. Nilikuwa nimepiga magoti, nasugua kwa brashi, wifi ameshika mwavuli juu yangu na kulalamika kuhusu mkono wake, pale brashi ilipogusa kitu chenye kutu. Nikakifuata kwa ncha ya mwiko. Kilikuwa kinene kama kidole gumba, kirefu kama kiganja, na kichwa chake kimetokeza upande mmoja. Nilikuwa nimekitambua kabla sijakitoa. Nyumba yetu ya utotoni ilikuwa na kimoja kama hicho cha kuzuia mlango. Ni msumari wa reli, ule unaoshikilia chuma kwenye taruma, gogo linalolazwa chini yake.

Na ulikuwa chini ya mavi.

Ardhi ni kama kitanda: shuka la chini ndilo lililotandikwa kwanza. Msumari ukiwa chini ya mavi, basi mavi yalikuja baada ya msumari, yaani baada ya reli. Yaani mtaalamu yuko sahihi, na mimi ni mwanamke mzee niliyelowa bure.

Wifi aliniangalia, akaangalia msumari, akaangalia huku na huku. "Wifi," akasema kwa sauti ya chini, "hatujaona kitu."

"Tumeona."

"Nani kaona? Mimi sijaona. Mwavuli ulinikinga macho. Nipe, nitaupigilia kwenye banda la kuku, utafaa."

"Siwezi."

"Kwa nini usiweze? Wao wanadanganya mchana kweupe."

"Wao ni wao."

"Sasa utapata nini ukisema kweli? Tingatinga tu."

Alikuwa ameniambia lile ambalo moyo wangu ulikuwa umeshalisema. Hakuna aliyetuona. Kilima kingebaki kilima. Nilikaa pembeni ya shimo, msumari kwenye kitambaa mapajani, mvua ikidunda kwenye mwavuli, na jibu likaja polepole. Nikiuficha nitakuwa nimefanya lile lile ninalolipinga, yaani kuamua kwanza kisha kutafuta mawe ya kunikubalia. Na nitakuwa nimewatukana niliotaka kuwatetea. Wale hawakuhitaji uongo ili kuyeyusha mawe. Sitawatetea kwa uongo.

Nikamwambia wifi hivyo. Alikunja mwavuli akaanza kushuka. "Haya," akasema. "Tuloe basi, sisi wakweli."

3 Aprili

Nimempelekea mtaalamu picha ya msumari, na mchoro wa mahali ulipokutwa. Amejibu: "Nimepokea. Pole, mwalimu."

5 Aprili

Habari mjini haihitaji viatu. Kofia Mbili amenisalimia akiwa mbali: "Bibi Mavi, nasikia msumari umekuchoma."

"Umenichoma. Bado natembea."

Nilitegemea mdogo wangu atashangilia. Aliupokea msumari, akaupima kwenye kiganja, akakaa nao. "Baba alikuwa anaipigilia hii," akasema. Kisha akanirudishia, bila neno la ushindi, akarudi kwenye kazi yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Kesho naendelea kuchimba. Shimo ni langu hadi mvua ikatike, na hakuna aliyesema nilichimbe nikiwa na furaha.

6 Aprili

Jua. Silipendi.

8 Aprili

Jua tena. Kofia Mbili anazunguka kilima akikanyagakanyaga kupima matope, kama mtu anayejaribu godoro dukani.

10 Aprili

Tufani. Turubai tuliyofunikia shimo imeng'oka na kupaa hadi kwenye paa la soko. Ukuta mmoja wa shimo umeporomoka. Wifi ameuona kwa mbali, akasema, "Sasa hata shimo limekukataa."

11 Aprili

Halikunikataa. Lilikuwa linanionyesha.

Nimekwenda alfajiri ya leo kuangalia hasara. Udongo uliodondoka nimeuondoa kwa koleo kidogo kidogo, nikausafisha ukuta mpya kwa mwiko, kisha nikarudi nyuma kuutazama. Nikakaa juu ya ndoo.

Kwenye ukuta unaonekana mstari wa mshazari, unashuka kutoka juu hadi chini, kama njia ya kisu kwenye mkate. Kulia kwa mstari ndipo nilipokuwa nachimba siku zote hizi. Huko udongo umevurugika: mavi yaliyovunjikavunjika, vipande vya chupa, bati, jivu, na ndimo ulimokuwa msumari. Kushoto kwa mstari ni dunia nyingine. Mavi yamelala tabaka juu ya tabaka, hayajaguswa. Na katikati ya tabaka, duara la udongo uliochomwa hadi ukawa mwekundu: kitako cha tanuri. Ndani ya kitako kuna bonge kubwa la mavi limekaa pale pale lilipogandia, na ubavuni mwake alama za matete zimesimama wima.

Mtu asiyejua kazi hii atauliza mstari ni nini. Mstari ni ukingo wa shimo la zamani. Watu walikuja wakaukata ubavu wa kilima, wakachukua mavi, kisha pengo likafukiwa kwa takataka zao na makombo ya mavi yenyewe, yakadondoka juu ya msumari. Ndiyo maana msumari ulikuwa chini. Shuka lilikuwa limetandikwa upya. Na waliolitandua ni watu wa reli, maana takataka ni zao. Kwa hiyo reli haikuleta mavi haya. Iliyakuta.

Kosa langu lilikuwa magotini. Nilichagua mahali laini, nikashukuru kwa ulaini wake, nisijiulize kwa nini ni laini. Ardhi iliyochimbwa mara moja haishikani tena kama zamani. Hilo nililifundisha miaka na miaka, na nikalisahau kwa sababu sururu ilikuwa nyepesi mkononi.

Mtaalamu naye ripoti yake inataja misumari na nati za reli. Alipita upande huu huu, mlango ulio wazi, akaona nilichokiona mimi. Nyuma katika kurasa hizi nimemwita mwongo. Neno hilo nalifuta. Alipotea palepale nilipopotea mimi, ila yeye hakupata tufani.

12 Aprili

Asubuhi kwenye chai nilieleza habari ya ukuta. Wifi akauliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza.

"Sasa wifi, mtu anaiba mavi ayapeleke wapi?"

Nilikuwa nafikiria jibu la maana. Mdogo wangu aliacha kukoroga chai. "Dada," akasema. "Zile kokoto za baba, zenye meno."

Tuliangaliana. Kisha tukaacha chai mezani, watu wazima wawili, tukatoka karibu tunakimbia.

Njia ya reli iliyokufa inapita chini ya kilima. Vyuma viling'olewa zamani. Yamebaki mataruma tu, yamefunikwa na udongo na nyasi, na mizizi imepita juu yake. Pembeni, pale maji yalipokula tuta, ilichungulia ncha nyeusi moja, na nyingine. Mdogo wangu aliinama kuichukua. Nikamshika mkono.

"Usiguse. Kitu kisichokutwa mahali pake ni uvumi. Nataka kamati ndiyo ikikute."

Akasimama. Aliutazama mteremko, kisha njia, kisha mteremko. Ilikuwa kama anaona baba akipita pale na viatu vyake vilivyochanika.

"Mageti yangu, dada," akasema hatimaye.

"Najua."

Tulirudi nyumbani. Sikumwomba chochote, na hakuniahidi chochote.

17 Aprili

Nachora ukuta. Mvua inanipa nafasi, kisha inaninyang'anya penseli.

24 Aprili

Mvua ya asubuhi tu.

29 Aprili

Manyunyu. Wifi anasema mbingu inakung'uta ndoo.

1 Mei

Hakuna mvua. Kamati imesema itakuja tarehe sita.

4 Mei

Tingatinga limekuja leo.

Nilikuwa shimoni namalizia mchoro wa kitako nilipoisikia ardhi ikitetemeka kabla masikio hayajasikia injini. Nilipoinua kichwa, lilikuwa limeshauma pembe ya juu ya kilima, upande wa soko, ule ambao haukuwahi kuguswa. Nyuma yake nikaona kwenye udongo uliopinduliwa duara jekundu, limevunjika kama sahani. Tanuri. Hata sikuwa najua lipo. Nimelijua wakati lilipokufa.

Nilipunga mkono. Tingatinga likageuka, likaja upande wangu. Kofia Mbili alikuwa anatembea mbele yake, kofia zote mbili kichwani.

"Mama, toka shimoni. Ardhi imekauka."

"Kamati ni keshokutwa."

"Kamati inakuja kuangalia. Mimi nasafisha ili waone vizuri."

"Umeona ulichovunja pale juu?"

"Udongo."

"Basi ngoja nimalize kuchora udongo," nikasema, nikaketi juu ya ndoo yangu, nikaweka ubao wa kuchorea mapajani na kuendelea. Mistari ya leo ni mibaya, nimeiacha hivyo hivyo.

"Bibi Mavi, mimi nina kazi."

"Na mimi nina kazi."

Dereva wa tingatinga alizima injini. Nikaanza kusikia kelele za soko. Akatoa kichwa dirishani. "Bosi, mimi sifukii mtu," akasema. "Tena mama wa watu."

"Nani kakwambia umfukie? Mtishe kidogo."

"Huyu hatishiki, bosi. Mwangalie. Anachora."

Kofia Mbili alichuchumaa kwenye ukingo wa shimo. Kwa mara ya kwanza nilimwona uso vizuri. Alikuwa amechoka. "Mama, mimi nikichelewa wananiondoa kazini," akasema kwa sauti nyingine. "Wewe ukishindwa unarudi nyumbani kunywa chai."

Ilikuwa kweli, nami sikuikataa. Nikamwambia, "Waambie umezuiwa na mwanamke mkorofi. Waambie jina langu. Hutakuwa umewadanganya. Lakini sitoki."

Wifi alikuja na kiti na chai, akaketi ukingoni upande wa pili, akaanza kushona kifungo cha shati. Tulikaa hivyo hadi jua lilipopungua makali, tingatinga likaondoka.

Pembe moja imekwenda. Siandiki kwamba tumeshinda.

5 Mei

Tumekaa shimoni kutwa. Tingatinga halikuja. Mdogo wangu ameshinda karakanani.

6 Mei

Wamekuja: mhandisi wa halmashauri, mama mfupi mwenye mabuti yaliyozoea matope; wajumbe wake; Kofia Mbili; na mtaalamu, ambaye nywele zake zimeanza mvi. Alinipa shikamoo kwa kuinama, kama zamani.

Niliwaonyesha ukuta. Nilieleza mstari, kitanda na mashuka, matete. Mhandisi alisikiliza. "Mimi naona udongo na udongo mwingine," akasema. Mtaalamu aliinama mbele ya kitako cha tanuri, kama mtu anayejisomea barua yake mwenyewe.

"Mstari upo, mwalimu," akasema. "Ila mtu anaweza kudai pengo hili lilichimbwa na yeyote."

"Ndiyo maana hatujamaliza kutembea."

Nikawashusha kwenye njia ya reli. Na pale, juu ya tuta, alikuwa amesimama mdogo wangu na nguo zake za kazi, ameegemea mtaimbo wa baba. Sikuwa nimemwita. Alimsalimia mhandisi, ambaye ndiye anayempa kazi ya mageti, kisha akaniuliza mimi, "Tuanze na lipi, dada?"

Akaupenyeza mtaimbo chini ya taruma lililokuwa karibu. Mizizi ililia, likainuka. Chini yake kulikuwa na kitanda cheusi cha mavi ya chuma, yamevunjwa sawasawa, yana meno. Mtaalamu alipiga magoti na suruali yake nzuri. Akachomoa moja, akalifuta kwa leso, na sote tukaona mifereji na kifundo.

"Samahani kwa swali, mwalimu," akasema. "Huwezi kuwa umeyaweka?"

"Swali zuri. Chagua taruma jingine mwenyewe."

Akachagua la mbali, lililofungwa na mzizi mnene kama mkono. Mdogo wangu akalifungua. Mavi. Mhandisi akaonyesha lake, mbele zaidi. Mavi. Kofia Mbili alikuwa amevua kofia ya juu, anaifutia jasho.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nimekuwa nikiiandaa tangu mvua ya kwanza. Ilipofika nilisema kidogo tu. "Mmeandika kwamba mawe haya ni taka za reli. Reli ilipofika ilihitaji pa kulala, ikalazwa juu ya mavi ya watu waliokuwa wameshakula na kuondoka mezani."

Mtaalamu alifungua ripoti yake juu ya goti, akaikata sentensi ile kwa kalamu, akatia sahihi pembeni. Kisha akaniomba makaa yaliyonaswa ndani ya mavi ya kitako, ayapeleke maabara yapimwe umri. "Nilipaswa kupita upande mgumu," akasema.

"Hata mimi."

Mhandisi alikuwa bado anatazama mataruma. "Na stendi yangu nijenge wapi?"

"Kwenye pengo. Huko watu wa reli walishavuruga, hakuna cha kuharibu. Nusu ya kilima iliyobaki nzima tuachieni."

"Itakuwa ndogo."

"Itakuwa ndogo," nikakubali.

Alinung'unika, akapima kwa macho, akamwagiza Kofia Mbili alete kamba. Nilipogeuka kumtafuta mdogo wangu, alikuwa amepiga magoti anayarudisha mataruma mahali pake, moja baada ya jingine.

21 Mei

Kiangazi kimeshika. Stendi ndogo imepunguza kenchi za mdogo wangu, lakini amepewa kazi nyingine: uzio wa nusu ya kilima, na geti lake. Leo alikuwa anataka maneno ya kuweka juu ya geti. Kofia Mbili alikuwepo, amekuja kuchukua vipimo, na siku hizi akija anakaa.

"Mhandisi amependekeza 'Eneo la Urithi'," mdogo wangu akasema.

"Hapana. Kina jina. Kiandike: Kilima cha Mavi ya Chuma."

"Watu watacheka, Bibi Mavi," akasema Kofia Mbili.

"Wacheke. Mtu akishacheka huuliza. Na akiuliza, mimi nipo, na kiti ninacho."

Mdogo wangu alishusha kinyago chake cha kuchomelea, akaanza na herufi ya kwanza. Alipoimaliza aliichukua nyundo akagonga gamba jeusi lililobaki juu ya mshono. Likadondoka mchangani, karibu na kiatu changu.

Wifi alikuwa na ufagio mkononi. Nikamwambia aliache.